Jino Kupoa si Kupona

Katika Kiswahili, vitenzi 'kupoa' na 'kupona' vimetenganishwa na konsonanti moja tu. Chai hupoa, hasira hupoa, hata biashara hupoa. Mgonjwa yeye hupona. Hata hivyo, linapozuka suala la jino, wengi wetu huvitumia vitenzi hivyo kana kwamba ni kimoja. Mtu aliyeteswa na gego kwa siku tatu mfululizo, akameza vidonge vya kutuliza maumivu na kusukutua kwa maji ya chumvi, huamka siku ya nne akiwa hana maumivu, naye hutangaza kwa furaha kwamba jino limepoa. Kwa tangazo hilo safari ya hospitalini hufutwa, nauli iliyokuwa imetengwa hununulia sukari, na habari ya jino huishia hapo.

Ninadai katika makala haya kwamba konsonanti hiyo moja imebeba uhai wa watu. Ninadai pia kwamba uhai huo uko hatarini zaidi katika eneo ambalo hadi mwaka 2013 liliitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, kuliko mahali pengi pengine nchini Kenya.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu amefuata nini katika vinywa vya watu, isipokuwa maneno yanayotoka humo? Swali ni la haki. Udaktari nilio nao mimi ni wa lugha, si wa tiba. Lakini mambo ya kitabibu nitakayoyaeleza hapa si siri ya wataalamu. Yamo vitabuni tangu enzi za babu zetu. Isitoshe, sehemu kubwa ya tatizo hili ni tatizo la majina: ugonjwa unaitwaje, nani anauita hivyo, na kwa kuuita hivyo anautafuta wapi katika mwili wa mgonjwa.

Tuanze na mwili wenyewe. Jino linapotoboka, viini huingia hadi kwenye moyo wa jino, palipo na mshipa wa fahamu na mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo maumivu yale yasiyomwacha mtu alale huanzia. Sehemu hiyo ikishambuliwa kwa muda, hufa. Ikifa, mshipa wa fahamu hauna tena uwezo wa kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo, na mtu huhisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo tunayoiita kupoa. Kumbe viini havijafa. Kilichokufa ni mlinzi aliyekuwa akipiga kelele. Viini huendelea kuteremka kwenye mzizi, hutoka nje ya ncha yake, hutengeneza usaha ndani ya mfupa wa taya, na usaha huo hutafuta pa kutokea.

Mara nyingi hutokea kwenye ufizi, likawa jipu dogo linalopasuka na kumwacha mtu na ladha mbaya kinywani. Huyo amebahatika. Lakini magego ya nyuma ya taya la chini yana mizizi mirefu inayofika chini ya msuli unaotandaza sakafu ya kinywa. Usaha wa magego hayo ukitoboa mfupa kwa upande wa ndani, hauingii kinywani; huingia shingoni. Mwaka 1836, daktari Mjerumani aliyeitwa Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa wa uvimbe mgumu unaoanzia chini ya taya, ukauinua ulimi, ukaziba koo na kumwua mgonjwa kwa siku chache. Hadi leo uvimbe huo unajulikana kwa jina lake, na madaktari wanakubaliana kwamba chanzo chake kikubwa ni magego ya chini.

Shingo ya binadamu si nyama tupu iliyoshikana. Baina ya misuli, koromeo, umio na uti wa mgongo mna tando nyembamba, na baina ya tando hizo mna nafasi zilizofunguka kutoka juu kwenda chini mithili ya mifereji. Mojawapo, iliyo nyuma ya koromeo na umio, huanzia chini ya fuvu la kichwa na kuteremka hadi kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Madaktari wenyewe wameiita nafasi ya hatari, na hawakukosea. Usaha ukishaifikia, hauna wa kuuzuia. Uzito wake huuvuta chini, na kila mtu anapovuta pumzi, kifua hutanuka na kuufyonza zaidi. Huko chini ndiko uliko moyo, ndiko iliko mishipa mikuu ya damu, na ndiko mapafu yalikofungamana na njia za hewa. Safari hiyo ya kutoka tayani hadi kifuani mara nyingi huchukua siku mbili tu tangu shingo ianze kuvimba, na pengine chini ya hapo.

Ukishafika, vidonge na sindano peke yake havitoshi. Hupasuliwa shingo, na mara nyingi kifua nacho hupasuliwa, usaha ukatolewa na nyama iliyooza ikaondolewa. Pengine mgonjwa hutobolewa koo ili apate kupumua. Hata katika hospitali za nchi tajiri zenye mashine za skani ya CT na wapasuaji wa kifua wasiolala, bado wako wanaokufa. Na sababu kuu ya vifo hivyo, kila mahali, ni kuchelewa kuutambua ugonjwa. Eksirei ya kawaida ya kifua huweza isioneshe lolote mwanzoni. Kinachoweza kumwokoa mgonjwa mapema ni mtu wa kumwuliza swali moja jepesi: je, hivi karibuni uliumwa na jino?

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa upande wa Garissa, alikosa madarasa kwa muda wa wiki tatu. Aliporudi alikuja ofisini kunieleza kwamba alikuwa amemzika kaka yake mkubwa, mfugaji wa ngamia aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini.

"Aliuawa na kichomi, Mwalimu," aliniambia.

Nilimpa pole, nikamwuliza alivyougua. Akasimulia kwamba kaka yake alikuwa mzima kabisa, ila mwezi uliotangulia alisumbuliwa na gego la mwisho. Gego lilikuwa limeshapoa alipowahamisha ngamia kufuata malisho. Kisha alivimba chini ya taya. Siku ya pili alishindwa kumeza hata maziwa. Siku ya tatu alifikishwa kwenye kituo kimoja cha afya akiwa na homa kali na kifua kinachomchoma kila avutapo pumzi. Walimpima kifua, wakamdunga sindano ya kichomi, wakampa vidonge asivyoweza kuvimeza. Hakuna aliyemtazama kinywani. Na hata kama yupo ambaye angetaka, kinywa chenyewe kilikuwa hakifunguki. Alipopelekwa mbele, na kutoka huko akapelekwa mbele tena, ilikuwa siku ya sita. Daktari aliyempokea Nairobi ndiye wa kwanza kuiambia familia kwamba ugonjwa ulitoka kwenye jino. Alfajiri ya siku iliyofuata alifariki.

"Daktari alisema ni jino," mwanafunzi wangu aliongeza, "lakini nyumbani hawamwamini. Wanasema jino haliui mtu."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi. Wazee wale si wajinga. Wanatumia elimu ambayo lugha zao zimewapa, na lugha zao zimewaambia kwamba maradhi ya kinywa ni ya kinywa, na maradhi ya kifua ni ya kifua.

Tazama neno 'kichomi'. Limetokana na kitenzi 'kuchoma' kwa maana ya kudunga kwa kitu chenye ncha. Waswahili waliuita ugonjwa wa nimonia kwa namna mgonjwa anavyouhisi, yaani kitu kinachomchoma ubavuni anapovuta pumzi. Sasa litazame jina la ugonjwa huo huo katika Kisomali: 'oof-wareen'. 'Oof' ni ubavu, na 'wareen' ni kudunga, kama mtu adungwavyo mkuki. Lugha mbili zisizo na nasaba moja, moja ya Kibantu na nyingine ya Kikushi, zimeutazama ugonjwa mmoja na kuupa jina kwa fikra ile ile. Ushahidi huo wa busara ya wenye lugha unanifurahisha kama mwanaisimu. Lakini majina hayo yana kasoro moja: yanataja mahali panapouma, hayataji mahali ugonjwa ulikotoka. Usaha wa jino ukifika kifuani nao huchoma. Basi mgonjwa husema anachomwa, mhudumu husikia kichomi, na tiba huelekezwa kwenye mapafu, ilhali chanzo kiko tayani.

Jina la pili linalosubiri kumpokea mgonjwa huyo ni 'kifua kikuu', au 'qaaxo' kwa Kisomali. Kaskazini Mashariki imeufahamu ugonjwa huo kwa uchungu mwingi. Mtu akikohoa, akidhoofika na kupata homa, ni jambo la busara kuushuku. Hivyo, kwa mgonjwa wa kifua katika nchi ile, majina mawili yako tayari mlangoni, na yote mawili hayamwelekezi mtu yeyote kutazama meno.

Ajabu zaidi ni kwamba, upande wa pili, lugha zetu zimelipa jina gonjwa la meno lisilokuwepo. Tanzania wanayaita 'meno ya nailoni', na kwingineko 'meno ya plastiki'. Wasomali husema 'ilko dacowo', yaani meno ya mbweha. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, hufunuliwa ufizi, na vile vijino vichanga ambavyo havijachomoza, vyeupe na laini, hudhaniwa kuwa ndivyo vinavyomwua. Basi huchokonolewa kwa kisu, sindano au msumari wa baiskeli. Vijino hivyo havina kosa lolote; ni meno ya kawaida yanayongoja wakati wake. Homa ya mtoto ilitokana na jambo jingine, na jambo hilo halikutibiwa. Lakini kidonda kilichotengenezwa kwa chuma kichafu ni cha kweli, na viini vinavyoingia kwenye damu kupitia kidonda hicho ni vya kweli. Hivi ndivyo jina linavyoweza kuumba ugonjwa, na kukosekana kwa jina kunavyoweza kuuficha. Gonjwa lisilokuwepo lina jina linalojulikana kutoka Hargeisa hadi Dodoma. Gonjwa lililopo halina.

Atakayeona kwamba naikuza nguvu ya majina na akumbuke mwisho wa mwaka 1997. Mvua za El Niño zilipoigharikisha Garissa, watu na mifugo walianza kufa kwa ugonjwa wa kutokwa damu. Mwanzoni haikujulikana ni nini. Damu ilipopimwa na ugonjwa kutajwa kuwa homa ya Bonde la Ufa, wataalamu walimiminika kutoka kila pembe ya dunia, na ulipozuka tena mwishoni mwa 2006 walijua pa kuanzia. Ugonjwa wenye jina huandikwa kwenye daftari, huhesabiwa, hutengewa fedha na huulizwa bungeni. Aliyekufa kwa jino lakini akaandikwa kichomi hahesabiwi kokote. Na asiyehesabiwa hana wa kumtetea.

Majina, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbali, na umbali wa Kaskazini Mashariki haukuumbwa na Mungu peke yake. Wakoloni waliitumia Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 kuifunga nchi ile, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 iliendelea kuikaba hadi 1991. Katikati ya muda huo, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Nchi ya ngamia haikuwa na kimojawapo. Kwa hiyo tunaposema leo kwamba Garissa iko mbali, tukumbuke kwamba iliwekwa mbali.

Kutoka mji wa Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370. Si nyingi kwa mwenye gari na barabara kavu. Lakini Garissa ni mlango tu. Nyuma yake kuna Dadaab, kambi iliyoanzishwa 1991 kuwapokea waliokimbia vita vya Somalia, kuna Balambala, Ijara na Hulugho, kuna Wajir, na kuna Mandera, ambayo iko zaidi ya kilomita 1000 kutoka Nairobi kwa barabara. Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika, barabara kuu ilikatika karibu na Madogo, ng'ambo tu ya mji wa Garissa, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Msomaji apige hesabu mwenyewe. Usaha unahitaji siku mbili kufika kifuani. Mchungaji aliye nyuma ya Hulugho anahitaji muda gani kumfikia mpasuaji wa kifua?

Mazingira ya maisha nayo yamebadilika kuliko tabia za matibabu. Mfugaji wa zamani aliishi kwa maziwa na nyama, na alisafisha meno kwa kijiti cha mti ambao Wasomali huuita 'caday' na Waswahili huuita mswaki. Neno letu la kile kifaa cha plastiki tunachonunua dukani tumelichukua kwenye kijiti hicho, nalo asili yake ni Kiarabu. Kijiti bado kipo, na bado kinafaa. Ila siku hizi kuna chai ya maziwa yenye sukari isiyopimwa, mara tano au sita kwa siku. Kuna sukari ya bei nafuu iliyokuwa ikivushwa mpakani kwa magendo kwa miaka na miaka. Kuna miraa inayokaa shavuni saa nyingi huku ikisindikizwa na soda. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionesha kwamba kiasi cha theluthi moja ya watu wazima nchini wana meno yaliyooza. Meno yanaoza Nairobi na yanaoza Mandera. Tofauti ni kwamba wa Nairobi ana mahali pengi pa kulipeleka jino lake kabla halijamgeuka, kwa maana madaktari wa meno wa nchi hii wamerundikana mijini.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu. Nchi inayopigwa na ukame, mafuriko, kipindupindu na risasi, ambayo akina mama wake wangali wanafia uzazi, itashughulikiaje meno? Je, huko si kutaka marashi kabla ya maji ya kuoga? Hoja hii ina uzito, na siidharau. Lakini imejengwa juu ya dhana ile ile ya wazee wa mwanafunzi wangu, kwamba jino ni jambo la urembo na maumivu madogo. Tukiikataa dhana hiyo, hesabu hubadilika. Kumwokoa mtu ambaye usaha umeshafika kifuani kunahitaji gari la wagonjwa au ndege, skani, chumba cha upasuaji, wapasuaji wa aina mbili, chumba cha wagonjwa mahututi na wiki nyingi za kitanda, na mwishoni pengine bado ukamzika. Kumkinga mtu yule yule mwezi mmoja kabla kunahitaji sindano ya ganzi, koleo la kung'olea jino lililochemshwa vizuri, na mtu aliyefunzwa kulitumia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta wenyewe ni kifua cha binadamu.

Wala si kweli kwamba tiba haiwezi kumfuata mfugaji. Wajir ilishaithibitishia dunia kinyume chake. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano aliyekuja Kenya kama mwalimu, alianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu katika manyatta. Kabla ya hapo iliaminika kwamba mfugaji hawezi kutibiwa ugonjwa huo, kwa kuwa hatulii mahali pamoja muda wa kumaliza dawa. Wagonjwa walijenga vibanda vyao vya kawaida, waliishi kwa desturi zao, na walimeza dawa mbele ya mhudumu kila siku hadi wakapona. Mbinu hiyo ya kumeza dawa mbele ya mhudumu ndiyo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Tonelli aliuawa Borama mwaka 2003. Aliacha somo lisilokufa: tiba ikizungumza lugha ya mgonjwa na kuheshimu mwenendo wake, mgonjwa huifuata. Ikimtaka kwanza awe mtu mwingine, humkosa.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

La kwanza ni la taaluma yangu. Tuupe ugonjwa huu jina. Kwa Kiswahili napendekeza 'kichomi cha jino'. Wataalamu wataona kwamba halina usahihi wa kutosha, kwa kuwa kinachougua mwanzoni si mapafu bali nafasi iliyo katikati ya mapafu. Nakubali. Lakini jina la watu wote halina kazi ya kufaulu mtihani wa chuo. Kazi yake ni kumfanya anayelisikia atazame mahali panapostahili. Anayesikia 'kichomi cha jino' hawezi kusahau kuuliza habari ya jino. Kwa Kisomali sithubutu kuunda neno. Hiyo ni haki na kazi ya wenye lugha yao, ambao tangu 1972 wana tahajia rasmi ya kuliandikia.

La pili ni kuzitangaza dalili za hatari kwa lugha inayosikika, redioni, misikitini, katika duksi na kwenye visima vya kunyweshea mifugo. Nazo ni hizi. Mtu aliyeumwa na jino, hata kama limepoa, akivimba chini ya taya au shingoni, akishindwa kufungua kinywa, akishindwa kumeza hata mate yakamtiririka, sauti yake ikibadilika kama ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, ulimi ukiinuka, wekundu ukiteremka shingoni kuelekea kifuani, ngozi ikibonyezwa ikatoa mlio kama karatasi kavu, au akianza kuchomwa kifuani na kukosa pumzi: huyo asilazwe nyumbani kungoja kesho. Asichomwe moto shavuni wala kukandwa. Atafutiwe gari saa hiyo hiyo, na anayempeleka atamke neno 'jino' tangu mlangoni. Mwenye kisukari, mwenye upungufu wa kinga na mama mjamzito waharakishwe maradufu.

La tatu linawahusu wahudumu wa afya. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa vya kupimia watu nyumbani. Wafundishwe kuuliza habari ya jino kama wanavyouliza habari ya kikohozi. Na matabibu wa zahanati, ambao ndio madaktari wa kweli wa nchi ile, wajenge mazoea ya kutazama kinywa na shingo ya kila mgonjwa anayelalamikia kifua. Kurunzi na dakika moja vinatosha. Wajue pia kwamba dawa ya viini bila kuliondoa jino na kuutoa usaha ni sawa na kufagia maji huku bomba likiwa wazi.

La nne linazihusu serikali za kaunti. Nchi hii hufunza maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, watu wasiokuwa madaktari wa meno lakini wenye ujuzi wa kung'oa jino kwa usalama na kuelimisha umma. Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziwaajiri, tena ziwaajiri vijana wa huko huko wanaokijua Kisomali, na ziwape gari linalofuata masoko ya mifugo. Siku ya soko mfugaji huja mwenyewe, hahitaji kutafutwa. Mwaka 2015, kwa mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, mashine za bei kubwa zilipelekwa katika kaunti zote 47. Sizipingi mashine. Nasema tu kwamba koleo la meno ni rahisi kuliko mashine yoyote iliyomo katika mkataba ule, na mwenye kulishika kwa ustadi angeweza kuzipunguzia mashine hizo wagonjwa.

Mwaka 2021 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitaka kila nchi iihesabu afya ya kinywa kuwa sehemu ya afya ya mwili mzima. Mwaka uliofuata shirika hilo lilitangaza kwamba karibu watu bilioni tatu na nusu duniani wana maradhi ya kinywa. Kwa hiyo jambo hili halikuanzia Garissa wala halitaishia Garissa. Lakini maazimio ya Geneva husafiri polepole kuliko usaha, na hayatafika Hulugho isipokuwa sisi wenyewe tuyabebe kwa maneno ambayo mama mwenye mgonjwa hemani atayaelewa usiku wa manane.

Mama huyo hahitaji kulijua jina la Ludwig wala la tando za shingoni. Anahitaji kujua jambo moja, na analiweza katika lugha yoyote aliyolelewa nayo: jino lililonyamaza bila kutibiwa bado ni gonjwa. Likimwuma mwanawe, aulize lini litang'olewa au kuzibwa. Likiacha kumwuma, aulize swali lile lile.